Kipimo cha Mama Gundi

Mama Gundi alikuwa na kazi mbili kwenye kile kiwanda cha uchapaji. Ya kwanza, aliyoajiriwa nayo, ilikuwa kushona vitabu. Ya pili, ambayo haikuandikwa kwenye barua yoyote, ilikuwa kutoogopa.

Tuanze na ya kwanza. Karatasi zikitoka kwenye mtambo zilikunjwa mafungu, kila fungu kurasa kumi na sita. Yeye aliyashona fungu juu ya fungu kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta, akapaka gundi mgongoni, akabana, na kesho yake akavika jalada. Miaka ishirini na mbili. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kama kisigino, na gundi ilimwingia kwenye kucha hata sabuni ikakata tamaa. Kwenye harusi ya mdogo wake alipeana mikono na wakwe, wakanata kidogo. Jina likaanzia hapo. Hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake, basi akaitwa kwa gundi, wala hakununa. Alisema gundi ni heri kuliko watoto wa watu: ukiiweka mahali, inakaa.

Kazi ya pili ilikuja kwa bahati. Kiwanda kile kiliishi kwa riwaya za kutisha, zile nyembamba zenye jalada jekundu ambazo watu husoma wakisubiri zamu hospitalini. Siku moja, miaka sita nyuma, Fundi Mtambo alikuwa anasubiri wino ukauke, akachukua mswada mmoja na kumsomea Mama Gundi kwa sauti ili kuua muda. Fundi Mtambo alikuwa mwanaume wa miaka arobaini mwenye sauti nzuri na maneno mengi kuliko kazi. Mswada ulihusu mama aliyekuwa akihesabu meno ya mwanawe kila asubuhi, na kila asubuhi linaongezeka moja. Walipofika jino la thelathini na tisa, sindano ya Mama Gundi ilisimama hewani.

Mwenye kiwanda, waliyemwita Bosi mbele yake na Kipara nyuma yake, alikuwa anapita. Akaiona ile sindano. Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kusimamisha mkono hata siku paa la stoo lilipobomoka. Bosi akachapa kitabu kile siku hiyohiyo, kikarudiwa mara tatu. Tangu hapo ikawa sheria: mswada wowote wa kutisha husomwa kwa sauti saa nne asubuhi, jua likiwa kali, Mama Gundi akishona. Sindano ikisimama, kinachapwa. Isiposimama, kinarudishwa kwa mwenyewe pamoja na maneno ya Mama Gundi, na hayo maneno ndiyo yaliyowaliza waandishi.

"Huyu jini wako anajieleza kama mgombea udiwani. Kabla hajaua mtu, wasikilizaji wamelala."

"Damu ukurasa wa kwanza, damu ukurasa wa pili. Hii ni riwaya au bucha?"

"Mzimu unaobisha hodi! Ana adabu kuliko mpangaji wangu."

Kwa miaka sita sindano haikusimama tena. Bosi alichapa tu vile vilivyoipunguzia mwendo, akijipa moyo. Kujipa moyo hakuuzi vitabu. Jumatatu moja wachuuzi walirudisha maboksi kumi na moja, na Bosi akaja kukaa juu ya bunda la karatasi mbele ya meza ya kushonea, kipara kikimetameta kwa jasho.

"Kuna mteja amesema kitabu chetu cha mwisho humsomea mwanawe ili alale," alisema.

"Analala?" aliuliza Fundi Mtambo.

"Fofofo."

"Basi tuviuze duka la dawa."

Bosi hakucheka. "Nawapa hadi Ijumaa. Nimetangaza, miswada itakuja. Tusipopata kitabu kinachotisha kweli, riwaya basi. Tutachapa kadi za mialiko na mabango."

Mama Gundi aliuliza bila kuinua macho, "Na kadi zinashonwa sehemu gani?"

"Kadi hazishonwi, Mama Gundi."

Hapakuwa na haja ya kuongeza neno. Kadi hazishonwi, na mshonaji atakwenda nyumbani.

Sasa, watu wengi wakiambiwa waende nyumbani hufurahi. Mama Gundi hakuwa na hofu ya jini, ya kaburi wala ya fisi, ila nyumba yake aliiogopa kila alipotia ufunguo mlangoni. Mumewe alikuwa humo. Alikuwa mpanga herufi wa kiwanda hichohicho, mtu mrefu, mcheshi, aliyeweza kusoma maandishi kinyumenyume haraka kuliko wengine wanavyosoma sawasawa. Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimwangusha, kikachukua upande wote wa kulia na kauli yote. Daktari alisema, "Hatujui anaelewa kiasi gani." Mama Gundi akaisikia sentensi hiyo akachagua upande wake mwepesi: haelewi. Maana kama anaelewa, mtu utaishije naye?

Alimhudumia, tusimsingizie. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimgeuza kila usiku asipate vidonda. Asubuhi alimketisha kwenye kiti cha mbao sebuleni, akamwekea mkono mmoja juu ya mwingine, akaenda kazini. Jirani alimchungulia saa saba kwa uji, na kinyozi wa mtaani, aliyekuwa na ufunguo wa ziada, alikwenda kumnyoa kila Alhamisi. Jioni Mama Gundi alimkuta vilevile alivyomwacha. Kazini walimuuliza hali yake mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakamuuliza mara moja moja, wa tatu wakaona haya kuuliza. Kwa hiyo kiwandani alikuwa na ulimi wake na watu wa kuwachoma nao. Nyumbani alikuwa na kiti kile.

Miswada ilikuja, kumi na minne kwa siku nne, na sindano ikaipita yote kama mwendesha baiskeli anayewapita watembea kwa miguu. Kulikuwa na popo mwenye digrii. Kulikuwa na maiti aliyekuwa akidai haki zake kwa aya ndefu. Jumatano Fundi Mtambo alisoma kisa cha kisima kinachoongea, mpaka mwenyewe akapiga miayo katikati ya mauaji.

"Dada, jitahidi basi," alimnong'oneza. "Hata jichome kidogo kidole. Tutasema ni woga."

"Nidanganye kwa sindano? Miaka yote hii sijawahi kumdanganya mtu juu ya kitabu. Ulimi wangu mbaya, lakini ni mmoja."

"Ulimi mmoja hauli ugali, dada yangu."

"Wala ndimi zako mbili hazijanenepesha mtu."

Ijumaa asubuhi kulikuwa na bahasha kwenye kaunta, imeachwa kabla mlango haujafunguliwa. Ndani mlikuwa na madaftari matatu ya shule yaliyofungwa kwa kamba. Hakuna jina. Mwandiko ulilala nyuma, herufi kubwa kubwa zinazoyumba, kama wa mtoto anayejifunza au mlevi anayeapa. Fundi Mtambo aligeuzageuza.

"Hiki ndicho cha mwisho. Mwandiko wenyewe tu unatisha."

Ilipofika saa nne, Bosi alikaa juu ya bunda lake. Mama Gundi aliweka mafungu ya kitabu cha hesabu mbele yake, akatunga uzi, akaanza. Fundi Mtambo akakohoa, akasoma:

"Nilikufa siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, nikifunga kifungo cha shati. Hawakunizika. Waliniweka kwenye kiti."

"Eh," alisema Bosi.

"Ushaona? Hakuna radi wala bundi," alisema Mama Gundi, na kwa mara ya kwanza wiki ile sauti yake ilikuwa na heshima. "Endelea."

"Mke wangu hurudi saa kumi na moja. Mlangoni husema 'Haya.' Kwa muda mrefu nilidhani ananisalimia mimi. Anaisalimia nyumba. Mimi niko kwenye nyumba kama misumari ilivyo."

Mama Gundi alivuta uzi. Wanawake wangapi husema 'Haya' wakiingia kwao? Wote. Alichoma sindano kwenye fungu la pili.

"Jirani akija, wanakaa mbele yangu na kunizungumza. 'Alikuwa mtu wa watu,' anasema jirani. 'Alikuwa,' anajibu mke wangu. Na mimi nipo pale, inzi ananitembea puani, nasikiliza msiba wangu mwenyewe. Wenzangu wa kazi walikuja mara mbili. Mara ya pili walitazama saa kuliko walivyonitazama mimi."

"Binadamu ni wabaya jamani," alisema Fundi Mtambo kwa uchungu wa kweli, akafungua ukurasa.

Bosi alitikisa kichwa naye, akiwasikitikia hao binadamu.

"Siku ya mvua alirudi na taulo lililolowa, akatafuta pa kulitundika, akalitundika begani kwangu. Likadondoka maji mpaka asubuhi. Ndipo nilipokuwa na hakika kwamba nimekufa, maana aliye hai huwa hatundikwi nguo."

Chumba kilikuwa na joto, bati juu likilialia kwa jua, lakini mgongoni mwa Mama Gundi ulipita ubaridi kutoka kiunoni hadi kisogoni, polepole, kama mtu anayepandisha zipu. Taulo lilikuwa la kijani. Alikumbuka alivyolikamua. Alikumbuka hata kwamba alijisemea, hapa litakauka.

Akashona. Mkono ulikwenda. Aliuangalia ukienda kama mkono wa mwanamke mwingine.

"Kisha ikaja siku ya viatu. Viatu vyangu vya kahawia, kamba moja nyeusi na moja ya kahawia, kwa sababu nyeusi nilifunga mwenyewe asubuhi ya haraka nikaahidi kubadilisha. Alivitoa chini ya kitanda, akavifuta vumbi mbele yangu, akampa mume wa jirani. Yule mwanaume aliniangalia, akaona haya, akasema, 'Mama, si vyake?' Mke wangu akasema, 'Hatavihitaji tena.' Alisema bila hasira. Angekuwa na hasira ningefurahi."

"Huyu mwanamke ana roho ya jiwe!" alilipuka Fundi Mtambo. "Mimi ningekuwa huyo mzimu, ningemng'oa macho. Au vipi, dada?"

"Soma," alisema Mama Gundi. Sauti ilitoka kavu.

Bosi hakuwa anamtazama uso. Macho yake yalikuwa kwenye sindano. Nayo sindano ilipanda, ikashuka, ikapanda. Mama Gundi aliiambia moyoni, usisimame, ewe, usinivue nguo mbele za watu. Maana ikisimama kitachapwa, nakala elfu mbili, na mtaa mzima utasoma habari ya taulo na viatu, na kamba moja nyeusi na moja ya kahawia mume wa jirani anatembea nazo kila siku barabarani. Isiposimama, Jumatatu ni kadi, naye atakwenda kukaa nyumbani na kile kiti. Lakini kwa wakati ule kiti kilikuwa mbali, na watu walikuwa karibu.

Fundi Mtambo alifungua daftari la tatu. Sauti yake nzuri ilikuwa imeshuka yenyewe, hasomi tena kwa madaha.

"Mwezi wa nne mwaka jana kidole gumba cha kushoto kiliniitika. Mwezi wa saba mguu. Anayenishika mashavu kila wiki ndiye pekee aliyejua, akaniletea kalamu. Sasa natembea. Asubuhi akifunga mlango nahesabu hadi mia, nasimama. Nimeingia chumbani kwake. Nimelala upande wangu wa kitanda, nikatandika. Nimekunywa maji kwenye kikombe chake nikakirudisha, mshikio ukiangalia dirishani kama alivyouacha. Jana nilisimama mbele ya kioo chake na kujifunza kutabasamu kwa nusu iliyobaki. Kabla ya uji wa jirani, na tena kabla ya saa kumi na moja, narudi kwenye kiti. Naweka mkono juu ya mkono, pale alipouweka. Kichwa nakilaza upande aliokilaza. Mate nayaacha yatoke."

Nje mtu alipita akiburuza gunia.

"Siku atakayoniangalia usoni nitamwonyesha. Nimempa mwaka mzima. Ananifuta mdomo, ananifunga vifungo, ananigeuza, usoni haangalii. Ijumaa hii sitarudi kwenye kiti. Atakapofungua mlango nitakuwa nimesimama nyuma yake."

Fundi Mtambo aligeuza ukurasa, akageuza mwingine. Zilikuwa tupu.

"Kimeishia hapo?" aliuliza Bosi.

"Kimeishia." Fundi Mtambo alitazama nyuma yake, kwenye mlango wa stoo uliokuwa wazi nusu, akaenda akausukuma kwa mguu hadi ukagonga ukuta. "Eti leo ni siku gani?"

"Ijumaa," alisema Bosi, na kisha akageuka kwa Mama Gundi. "Haikusimama."

Kweli, haikuwa imesimama. Bado ilikuwa inapanda na kushuka.

"Mama Gundi. Niambie wewe mwenyewe. Kinatisha?"

Huyu ndiye mwanamke ambaye hakuwahi kumdanganya mtu juu ya kitabu. "Upuuzi," alisema. "Mzimu gani anakunywa maji?"

"Bosi, mimi nimeogopa!" alisema Fundi Mtambo. "Angalia mkono wangu, vinyweleo hivi hapa!"

"Wewe huogopa hata mende." Bosi alisimama, akajipangusa vumbi la karatasi kwenye suruali. Alikuwa amezeeka kidogo kwa nusu saa. "Sheria ni sheria. Funga hayo madaftari, mwenyewe akija apewe. Jumatatu tupange herufi za kadi."

Walipotoka, Mama Gundi alishusha sindano. Alishika kile alichokuwa anashona ili akipeleke kwenye gundi, na mafungu yakamteleza mikononi moja moja yakaanguka sakafuni. Aliinama kuyaangalia. Matundu yote yalikuwepo, yamepangika sawasawa kama siku zote, mafungu manne mazima. Uzi ulikuwa umekwisha tangu fungu la pili. Alikuwa ameshona hewa.

Aliyakusanya haraka, akayaficha chini ya meza. Saa sita alimwambia Bosi kichwa kinamuuma, akachukua mkoba wake.

Njia ya kwenda kwake ilipita mbele ya kinyozi. Alikuwa mtu wa umri wake, mpole, mashine ikiunguruma kwenye kisogo cha mteja. Alipomwona Mama Gundi mlangoni saa hizo, aliizima.

"Dada, leo mapema."

"Ni wewe uliyepeleka madaftari?"

Kinyozi alitazama sakafu iliyojaa nywele. "Mimi nilitumwa tu, dada. Kama posta."

"Anatembea?"

Mteja kwenye kiti akageuza kichwa, nusu kimenyolewa. Kinyozi akasema jambo ambalo Mama Gundi aliondoka nalo masikioni hadi nyumbani:

"Nilidhani unajua."

Jua lilikuwa utosini, kivuli chake mwenyewe kimejikunja chini ya miguu. Watoto walikuwa shule, wakubwa kazini. Mtaa ulikuwa na ule ukimya wa adhuhuri ambao kuku peke yake ndiye anayethubutu kusema. Alifika mlangoni, akatoa ufunguo, akakumbuka: hakuna anayemtarajia kabla ya saa kumi na moja. Basi atakuwa kwenye kiti. Au atakuwa wapi? Kitandani? Mbele ya kioo, anajifunza?

Aliinama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye mlango wake mwenyewe, akachungulia kwenye mwanya wa chini. Mwanga wa dirisha la nyuma ulipita sakafuni, mstari mweupe, na mstari ule ulikatika mahali pawili. Vidole vya miguu. Miguu mitupu, imeelekea mlangoni.

Alikuwa amekwisha kusimama. Amesimama tangu saa ngapi? Tangu asubuhi?

Mama Gundi aliwaza kwenda kumwita jirani. Aliwaza kwenda kwa mdogo wake, alale huko, arudi kesho na wanaume wawili. Halafu akajionea aibu, maana aliyesimama mle ndani ndiye aliyekuwa akimwimbia nyimbo za kutunga akiosha vyombo. Akatia ufunguo. Hakusema 'Haya', mdomo ulikataa. Alisukuma mlango polepole, ukafunguka kiasi cha mtu mmoja, akaingia.

Kiti kilikuwa kitupu, na shimo la makalio kwenye mto. Nyuma yake mlango ukaanza kujifunga wenyewe.

Aligeuka.

Alikuwa mrefu. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba alisahau kuwa mumewe ni mrefu. Amenyolewa vizuri, amevaa shati la vifungo, mkono wa kushoto umebana kitasa, wa kulia unaning'inia. Nusu ya mdomo ilikuwa inatabasamu, na nusu nyingine ilikuwa haina habari. Mama Gundi alimwangalia usoni. Nyusi zilikuwa zimeingia mvi, lini hizo? Na macho, macho yalikuwa yanamtazama yeye moja kwa moja, na yalikuwa na hofu kubwa kuliko yake.

Hapo magoti ya mwanaume yakaanza kutetemeka. Alikuwa amesimama muda mrefu kupita nguvu zake. Mama Gundi alidondosha mkoba, akamdaka kwapani, wakashuka wote wawili taratibu hadi sakafuni, migongo kwenye mlango.

"Mwanaume mzima," alisema, meno yakigongana, "unajibanza nyuma ya mlango kama mwizi wa kuku! Na kama ungeniua?"

Kifuani mwa mumewe kulitoka sauti, kavu, kama kabati linaloburuzwa chumba cha pili. Ilimchukua Mama Gundi muda kutambua kwamba anacheka.

Walikaa. Inzi alitua kwenye pua ya mumewe. Mama Gundi akamfukuza, kisha akabaki ameinua mkono hewani, asijue auweke wapi.

"Wamesoma madaftari yako leo," alisema. "Mbele yangu. Nikasema ni upuuzi."

Mumewe alimtazama.

"Nimesema uongo. Mkono ulikwenda bila uzi. Mafungu manne."

Mumewe alinyoosha mkono wa kushoto hadi kwenye mfuko wa shati, akatoa kalamu na kipande cha karatasi, akaandika juu ya goti kwa kazi kubwa, ulimi umetoka pembeni. Akampa. *Uzi uliisha wapi?*

Ndivyo walivyo waandishi. Nyumba inaungua, anauliza kama moshi umependeza. Mama Gundi angeweza kusema popote. Alisema kweli.

"Kwenye taulo ulianza kuisha. Kwenye viatu haukuwepo kabisa."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa ameuagiza.

"Lakini sikiliza, baba. Wakichapa, mtaa mzima utanijua. Fundi Mtambo amesema mwanamke huyo angeng'olewa macho. Jirani je? Wakwe je? Nitapita wapi mimi?"

Mumewe aliandika tena. *Mpimaji ni wewe.* Akarudisha kalamu mfukoni. Hakumbembeleza wala hakumsamehe. Alibaki akimtazama tu, na Mama Gundi akaona kwamba kutazamwa huko ndiko atakakoishi nako sasa, kila siku, mezani na kitandani, na hakuna daftari litakalomficha.

Alimsaidia kusimama. Alitaka kumpeleka kwenye kiti. Mumewe akakataa kwa kiwiko, akataka mezani. Akamkalisha mezani. Akamwekea maji kwenye kikombe chake yeye, ili ile kazi ya kugeuza mshikio iishe. Akachukua mkoba.

Saa nane alikuwa kiwandani. Bosi na Fundi Mtambo walikuwa wanabishana juu ya maua ya kuweka kwenye kadi, na madaftari yalikuwa bado kwenye kaunta na kamba yake. Mama Gundi alitoa mafungu manne chini ya meza yake, akayaweka mbele ya Bosi, akayainua kwa fungu la juu. Mengine yakaanguka.

"Kushona gani huku?" aliuliza Bosi. "Uzi uko wapi?"

"Uliisha Fundi akiwa anasoma, na mimi sikujua. Nilikudanganya. Kinatisha. Tangu nizaliwe sijaogopa hivi. Chapa kama kilivyo, na sehemu ya viatu asiiguse mtu."

"Si nilisema!" Fundi Mtambo alipiga meza. "Si nilisema mimi! Yule mwanamke, yule shetani wa kike..."

"Na kwenye jalada," Mama Gundi aliendelea, akimkazia yeye macho, "mweke jina la mume wangu."

Fundi Mtambo alifungua mdomo wake wenye maneno mengi, ukabaki wazi bila kazi. Bosi alikaa juu ya bunda, na Mama Gundi aliona wazi mahali mawazo yake yalipofika: kwa wenzake wa kazi waliokuja mara mbili, wakatazama saa.

"Anaandika?" alisema Bosi mwishoni, kwa sauti ndogo. "Yeye mwenyewe? Yuko... anaelewa?"

"Anaelewa. Muda wote huo."

Bosi alifungua kamba ya madaftari, akaifunga, akaifungua tena. Mtu wa biashara ni mtu wa biashara, hata akiwa na haya. "Lakini hakina mwisho. Hatuwezi kuchapa kitabu bila mwisho. Inakuwaje mwanamke anapofungua mlango?"

"Anauandika sasa hivi. Nimemwacha mezani."

"Na wewe unaujua?"

"Mimi?" Mama Gundi alitunga uzi mpya, akaupitisha kwenye nta mara mbili, akakata kwa meno. "Sijaambiwa. Nilipokuwa natoka aliniandikia neno moja tu. Ameniambia nisichelewe kurudi."